Je, Kigari cha Juu Kinatufaa Macalder?

Likizo ya Desemba iliyopita walimu watatu wa shule ya upili walinijia nyumbani kwetu, nje kidogo ya soko la Macalder, wakaketi chini ya mwembe na kunywa chai hadi birika likakauka ndipo wakatoboa lililowaleta. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa juu ya sarufi, kwa maana hiyo ndiyo kazi inayonipa ugali. Kumbe sivyo. Mmoja wao, mwalimu wa Fizikia, alitoa simu yake akanionyesha picha ya gari dogo jekundu lililoinuka juu ya magurudumu yake mithili ya jogoo aliyesimama kwa ncha za vidole. Kisha akatoa mfukoni fomu ya mkopo wa chama chao cha ushirika, ambayo ilikuwa imekwisha kujazwa isipokuwa sahihi ya mdhamini wa tatu. “Daktari,” akaniambia, “wewe uliwahi kuwa na gari la aina hii. Tuambie basi. Linatufaa huku au halitufai?”

Mwenzake, mwalimu wa kike anayefundisha Kiswahili, akadakiza kwamba amesoma mahali kuwa hata Wamarekani wanabishana juu ya jambo hilo hilo: iwapo vigari hivi vidogo vyenye umbo la magari makubwa ya safari vinalifaa soko lao. “Ikiwa Mmarekani mwenye lami hadi mlangoni pake hana hakika,” akasema, “sembuse sisi?”

Niliwajibu jioni ile kwa neno moja, “Halifai,” na tangu siku hiyo nimekuwa nikijilaumu kwa uharaka wangu. Makala haya ni jaribio la kujibu vizuri zaidi. Najua kwamba fomu za namna ile zinajazwa katika vyumba vya walimu kote nchini. Isitoshe, sahihi ya mdhamini wa tatu ilitakiwa iwe yangu.

Nianze na ninalolifahamu, yaani maneno. Neno “gari” lilitufikia kutoka Bara Hindi, na tulipolipokea tukalitia katika ngeli zetu, likazaa “kigari” tunapolidunisha na “jigari” tunapolikuza. Ndugu zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Jigari la kifahari la maofisa wakaliita “shangingi”, neno linalotumika pia kwa mwanamke wa mjini mwenye makeke na makuu. Na kile kipikapu kidogo cha Suzuki kinachobeba matofali, nyanya na makochi ya wapangaji wanaohama wakakiita “kirikuu”. Utaona jinsi lugha ya watu ilivyo na macho: chombo cha anasa kilipata jina la kejeli, na chombo cha kazi kikapata jina la mapenzi.

Sasa kimetokea kitu cha tatu ambacho lugha ya mtaani haijakipatia jina la haki. Ni gari dogo la kawaida, la ukoo wa yale tunayoyaona yakiwapeleka watu kazini mjini, ambalo limeinuliwa kidogo, likafungwa plastiki nyeusi kandokando ya magurudumu na kuezekwa reli mbili juu ya paa. Wauzaji wa Nairobi na Mombasa huliita kwa herufi zile zile tatu, SUV, wanazoliitia Land Cruiser. Kwa lugha ya darasani, ni neno la ngeli ya KI-VI lililovishwa joho la JI-MA. Mnunuzi hulipia joho. Kuna vighairi, nami nitavirejea, lakini aghalabu chini ya joho hilo hakuna jingine ila kigari kinachovutwa na magurudumu mawili ya mbele.

Tuwatazame kwanza hao Wamarekani, kwa kuwa kisa chao kina mafunzo. Mwaka 1985 Suzuki ilianza kuuza huko gari dogo lililoitwa Samurai. Wakenya waliokuwa watu wazima enzi hizo watalikumbuka kwa jina la Suzuki Sierra, kigari chenye fremu ya chuma kama ya lori na paa la turubai. Mwaka 1988 shirika la kutetea wanunuzi, kupitia jarida lake la Consumer Reports, lilitangaza kwamba gari hilo hupinduka kwa urahisi linapokata kona ghafla, na mauzo yakaporomoka. Suzuki ilikwenda mahakamani mwaka 1996 na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2004, wakati gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuondolewa katika soko hilo tangu 1995. Huku kwetu kigari kile kile kiliendelea kupanda vilima kwa miaka mingi. Si kwamba huku hakipinduki. Barabara zetu hazikumruhusu mtu kufikia mwendo wa kupindukia!

Toyota RAV4 ilizaliwa mwaka 1994 ikiwa na urefu wa takriban mita 3.7 tu. Leo hii imefikia takriban mita 4.6, na imekuwa miongoni mwa magari yanayonunuliwa zaidi Marekani. Ilikua kwa sababu soko lililokuwa likiilisha lilitaka ikue. Wadogo waliokuja kuchukua nafasi yake ya zamani hawakudumu. Nissan Juke iliingia Marekani mwaka 2010 ikatoka baada ya 2017. Mazda CX-3 iliondolewa mwaka 2021. Toyota C-HR na Ford EcoSport, hii ya pili ikitengenezwa India, zote mbili ziliaga mwaka 2022.

Kwa nini? Hoja inayosikika sana ni kwamba Wamarekani ni watu wa miili mikubwa. Kuna chembe ya ukweli humo, ila mimi siipi uzito. Petroli yao ni rahisi ikilinganishwa na ya nchi nyingi, kwa hiyo kinachookolewa na kigari si kikubwa. Na kigari kilichoinuliwa hukata upepo vibaya, hivyo hakiokoi mafuta kama umbo lake linavyodai. Mkopo wao hulipwa kwa miaka mingi, na tofauti ya bei kati ya kidogo na cha wastani ikigawanywa kwa miezi huonekana kama bei ya chakula cha mchana. Barabara zao kuu ni ndefu, na katika njia hizo unapitwa na pikapu zenye uzito maradufu ya wako. Hata sheria iliegemea upande wa ukubwa: kanuni za matumizi ya mafuta zilizoanza na magari ya mwaka 2012 zilimpa mtengenezaji lengo jepesi zaidi kadiri gari lake lilivyokuwa pana na refu. Waliosalia katika daraja hilo, kama Hyundai Venue, wamesalia kwa sababu ya bei tu. Na Chevrolet Trax ilipata wanunuzi wengi pale iliporefushwa katika toleo la mwaka 2024. Mmarekani aliyeuliza kama kigari cha juu kinamfaa amejibiwa na soko lake: kinamfaa kikiwa rahisi sana, ama kikiacha kuwa kigari.

Lakini mizani yetu ni nyingine. Mafuta kwetu si rahisi hata kidogo. Mwezi Oktoba 2023 lita moja ya petroli ya super Nairobi iliuzwa shilingi 217.36, bei ya kupangwa na mamlaka ya kawi, na huku Nyatike bei huongezeka kwa kadiri ya umbali. Vilevile hatununui magari mapya. Gari linaloingia Kenya halina budi kuwa na usukani upande wa kulia na umri usiozidi miaka 8, kwa mujibu wa kiwango cha shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Maana yake ni kwamba tunachagua kutoka katika sahani aliyokwisha kulia Mjapani. Na Mjapani huchagua kwa sababu zake: katika nchi yake gari lenye injini isiyozidi 660cc, urefu usiozidi mita 3.4 na upana usiozidi mita 1.48 hupewa nafuu ya ushuru, na mijini njia ni nyembamba. Hakuwaza Nyatike alipolichagua.

Kodi nazo zinatusukuma huko huko. Tangu Julai 2023 Kenya imekuwa ikitoza ushuru wa forodha wa asilimia 35 kwa gari la abiria. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc na asilimia 25 kwa inayozidi hapo, kisha juu ya jumla hiyo ni VAT ya asilimia 16. Mwanafunzi na apige hesabu: gari lililokadiriwa shilingi 100 bandarini Mombasa hufikia karibu shilingi 188 likiwa na injini ndogo, na karibu 196 likiwa na injini kubwa kidogo, kabla hujahesabu ada nyingine. Basi msururu wote wa wanunuzi umepanga foleni chini ya mstari wa 1500cc. Sheria huuliza umri wa gari na ukubwa wa injini. Haiulizi kama gari linavutwa na magurudumu mawili au manne, wala tumbo lake liko umbali gani kutoka ardhini. Kwa mkaaji wa Macalder maswali hayo mawili yasiyoulizwa ndiyo yenye maana.

Pengine msomaji wa mbali hapafahamu pahali hapa. Macalder imo Nyatike, kaunti ya Migori, katika nchi inayoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Shaba na dhahabu zilichimbwa hapa wakati wa ukoloni hadi mgodi mkubwa ulipofungwa mwaka 1966. Siku hizi wachimbaji wadogo wanaitafuta dhahabu iliyosalia kwa sururu na taa za kichwani. Mto Kuja unapita karibu, na mvua zikizidi, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na tena 2024, huvunja kingo zake na kumeza mashamba ya watu wa bondeni. Barabara kubwa ni kisa kingine. Ninaozungumzia ni zile njia zinazotoka barabara kubwa kwenda bomani, shuleni na ziwani, zilizolala juu ya udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na wakati wa masika hugeuka kuwa gundi. Udongo huo hauna huruma na joho.

Nami nilijaribiwa nao. Aprili 2018, yapata saa saba za usiku, niliamshwa kwa kuwa shangazi yangu, dada mdogo wa marehemu baba, alikuwa hawezi kupumua vizuri. Wakati huo nilikuwa na kigari cha juu ambacho jina lake nitalihifadhi. Nilikuwa nimekinunua kwa mkopo, na niseme kweli, kilinipendeza; nilipokiegesha chuoni nilikuwa nikigeuka mara mbili kukitazama. Tulimlaza shangazi kwenye kiti cha nyuma, tukatoka. Hatukufika kilomita tatu. Katika mteremko mmoja malori ya mchanga yalikuwa yamechimba mitaro miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati. Kigari kilikalia tuta hilo kwa tumbo. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakang’aa kwa tope, yakanuka mpira ulioungua. Ya nyuma hayakufanya lolote, kwa kuwa hayakuumbwa kufanya lolote.

Mpwa wangu alikimbia kuamsha watu na kutafuta ng’ombe wa jembe. Kabla hajarejea ikaja Probox kutoka upande wa ziwani, imebeba abiria tisa na magunia ya omena. Dereva hakuingia mitaroni. Alipandisha gurudumu moja juu ya tuta na jingine juu ya nyasi za ukingoni, akaja akiyumba kama mlevi mpaka ubavuni petu, naye alipokwama kidogo abiria wake tisa waliteremka bila kuambiwa, wakasukuma. Tulimhamishia shangazi humo. Alifika hospitali ananuka omena kuliko mvuvi, lakini alifika anapumua. Yu hai hata leo, na kila nikimtembelea huniuliza kama lile gari langu zuri limekwisha kutoka matopeni.

Ndicho kisa nilichokuwa nacho kichwani niliposema “Halifai.” Lakini mtafiti hafai kujenga kanuni juu ya mfano mmoja, tena ulioandamana na aibu yake mwenyewe. Nilipotulia nikakumbuka jambo ambalo linaharibu hoja yangu: Probox ile nayo huvutwa na magurudumu ya mbele. Wala si ndefu kwa kimo kuliko kigari changu. Ilichokuwa nacho ni dereva aliyeijua njia, tairi zenye meno, na watu tisa. Aidha, ilikuwa imekwisha kukwaruzwa kila mahali, hivyo mwenyewe hakuogopa miiba ya ukingoni. Mimi niliingia mtaroni kwa kuwa nilikuwa nikiikwepa miiba isichubue rangi.

Kwa hiyo udogo si dosari. Historia yetu wenyewe yashuhudia. Mashindano ya Safari Rally, yalipokuwa yakifanyika wakati wa Pasaka katika mvua na tope, hayakutawaliwa na majigari. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo lililo chini. Kuna na kisa kinachonifurahisha zaidi. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia mashindanoni na Subaru Vivio ya 660cc, kigari halisi cha daraja lile la Kijapani nililolitaja. Watu walicheka. Mskoti Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, alipewa kigari cha aina hiyo hiyo na hakumaliza. Njiru alimaliza, akawa wa 12. Ila Vivio ile ilikuwa ikivutwa na magurudumu yote manne, na nyuma ya usukani alikuwa mtu aliyeyajua matope kwa majina.

Hapo ndipo vighairi nilivyovitaja vinapopata mahali pao. Suzuki Jimny ni ndogo kuliko vigari vingi vya joho, lakini ina fremu ya chuma, magurudumu yote manne hupokea nguvu dereva akitaka, na toleo lake la 1500cc lina nafasi ya milimita 210 kati ya tumbo na ardhi. Daihatsu Terios ya mwaka 1997 na pacha wake Toyota Cami zilikuwa na injini ndogo ya 1300cc na hazikuogopa udongo mweusi. Ukiwatembelea mafundi wa Migori utazikuta chache zingali zinafungwa na kufunguliwa. Toyota Rush iliyozifuata mwaka 2006 ilikuwa ya tabia hiyo hiyo. Lakini uuzaji wake Japani ulikoma mwaka 2016, na kwa kanuni ya miaka 8 hata za mwisho haziwezi tena kuagizwa. Utaipata tu mkononi mwa Mkenya mwenzako, pamoja na maradhi aliyoitia. Iliyochukua nafasi yake mnamo Novemba 2019 ni Toyota Raize, pacha wa Daihatsu Rocky, yenye injini ndogo zaidi na nafasi ya milimita 185 chini ya tumbo. Hiyo hutoka kwa namna mbili: kuna ya kuvutwa kwa magurudumu manne na kuna ya mawili. Kwa nje ni vigumu kuzitofautisha. Wanaisimu tungeziita homonimu, na kama ilivyo kwa homonimu yoyote, maana hupatikana kwa kuchungulia muktadha. Muktadha wenyewe uko chini ya gari, ambako mnunuzi mwenye suruali safi hapendi kwenda.

Hali kadhalika kuna suala la vipuri. Probox imekuwa ikitengenezwa tangu 2002 na kila fundi kati ya Rongo na Muhuru Bay anaweza kuifungua gizani. Kigari kipya kina giaboksi ya mkanda wa chuma inayotaka mafuta ya aina yake, na kina vipimo vya umeme vinavyowasha taa ya onyo ambayo fundi wetu ataizima kwa kukata waya. Simcheki fundi. Hakuna aliyempeleka kozi.

Tuliwahi kujaribu kujitengenezea gari letu, na si mara moja. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990, mimi nikiwa mtoto, magari machache ya mfano yakaonyeshwa kwa jina la Nyayo Pioneer. Hayakuingia sokoni kamwe. Kisha alikuja Mwingereza Joel Jackson na kampuni yake Mobius, wazo lake likiwa ni gari la juu, gumu na rahisi kwa barabara za mashambani. Kimo walikipata. Bei ndiyo iliyowashinda, kwani kwa fedha zile Mkenya aliona bora anunue lililotumika kutoka Japani, na mnamo Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafunga, kabla ya kupata mnunuzi mwingine. Chombo kilichobuniwa kwa ajili yetu kilishindwa na sahani ya Mjapani.

Nadhani ndipo tulipofikia kiini. Mmarekani hununua kimo kwa ajili ya macho. Apende kuona mbele, apende kuonekana. Sisi hununua kimo kwa sababu ya shimo. Kila lita ya mafuta inayouzwa nchini hulipa ada ya kutunza barabara, nayo ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwendeshaji bodaboda wa Macalder huilipa kila anapojaza tangi. Mvuvi huilipa anapowasha injini ya mashua, ingawa ziwani hakuna lami. Baada ya kuilipa barabara kwa njia hiyo, mwalimu huyo huyo huenda akachukua mkopo ili anunue gari linaloweza kuiruka barabara isiyotunzwa. Amelipa mara mbili. Wanasiasa wetu nao hupita katika mashangingi yenye springi laini na hawalisikii tuta la katikati. Laiti sheria ingewalazimu kuja Nyatike kwa Vitz!

Tugeukie mkopo wenyewe, maana wapo wasomaji watakaonisamehe mengine yote ila si hili. Tuseme kigari kimefika yadi ya Nairobi kwa shilingi milioni moja na nusu. Tuseme chama cha ushirika kinatoza riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa miaka minne. Kila mwezi mwalimu atakatwa takriban shilingi 39,500, na atakapomaliza atakuwa amelipa karibu shilingi 396,000 za riba peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili ya mshahara. Basi hata asiye na makato mengine yoyote, jambo ambalo halipo Kenya hii, angehitaji mshahara wa zaidi ya shilingi 59,000 ili mkopo huo upite. Mwalimu mchanga hapiti. Hupitishwa kwa kuunganisha mkopo na mkopo, na kwa sahihi za wadhamini.

Na gari likishafika Macalder halibaki la mwalimu. Hili mwenye kutunga tangazo halijui. Mwili wa marehemu ukitoka mochari, jamaa watapaswa kusafirishwa. Mama akishikwa na uchungu usiku, mlango utakaobishwa ni wa mwenye gari. Mahindi ya shangazi, karo ya ng’ombe, viti vya harambee, vyote vitatafuta nafasi humo. Kigari cha viti vinne na buti la kubebea mkoba kitamfanya mwenyewe aonekane mchoyo, na mtu kuitwa mchoyo nyumbani ni hasara isiyoandikwa katika fomu. Hii, naamini, ndiyo siri ya Probox. Simsifu dereva anayepakia watu kumi na wawili na kuwahatarisha. Tumezika wengi kwa uzembe huo. Nasema tu kwamba gari hilo lilipata jamii iliyokuwa na haja ya mgongo mrefu, likaupata mgongo huo.

Hukumu yangu basi imebadilika. Kwa Mmarekani kigari cha juu ni pambo ambalo anaweza kuliacha, naye amekuwa akiliacha. Kwa mwalimu wa Macalder anayeishi mbali na barabara kubwa, kigari cha kweli, chepesi, kinachovutwa na magurudumu yote manne na kuketi juu, ni chombo cha kufaa pengine kuliko jigari lolote, kwa kuwa kinakunywa kidogo na kikikwama watu sita hukinyanyua. Kigari cha joho hakimfai. Akikosa hicho cha kweli, anunue Probox, abakishe fedha za tairi nzuri, na ajifunze kuendesha gurudumu moja juu ya tuta.

Nilimpigia mwalimu wa Fizikia nikamwambia hayo, na nikamwomba jambo moja: kabla ya lolote amuulize muuzaji iwapo gari lile jekundu lina difu ya nyuma. Alinirudia baada ya siku mbili. Muuzaji alikuwa amemjibu kwamba hajui, ila rangi yake ni ya kiwandani. Jumamosi iliyofuata mwalimu alipanda basi la usiku hadi Nairobi, akatandika gazeti chini na kujilaza kwa mgongo chini ya gari, akapiga picha kwa simu. Picha ninayo. Linaonekana tangi la mafuta, bomba la moshi na mhimili mtupu, basi. Fomu ingali mezani pangu, na pale pa mdhamini wa tatu hapajaandikwa kitu.